Utamu wa halua, utamu wa imani

Jamani, hivi ni nani aliyetufundisha kwamba mambo ya Mungu lazima yawe machungu? Nauliza kwa sababu huku kwenye vyumba vya habari dini hupata ukurasa wa mbele pale tu watu wanapogombana. Niliwahi kupendekeza makala ya halua, mhariri akacheka hadi akakohoa. Haya, cheka mzee, mimi naandika.

Halua ya Zanzibar na ya Oman ni ndugu wa tumbo moja: wanga, sukari, samli, iliki, zafarani. Inakorogwa kwa saa kadhaa, na ukiupumzisha mwiko tu inashika chini. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya utamu. Sasa sikilizeni: hadithi za Mtume zinapotaja utamu wa imani, zinatumia neno la mzizi huohuo. Wayahudi nao huchovya tufaha kwenye asali mwaka wao mpya unapoingia, na Zaburi ya 34 inamwalika mtu aonje. Yaani ulimi ulifika kabla ya maprofesa wa dini!

Lakini iliyonikaa moyoni zaidi ni halua ya Masingasinga. Ukisafiri kati ya Mombasa na Nairobi, pale Makindu utakuta hekalu lao, gurdwara, lililoanzishwa mwaka 1926 na watu wa reli. Msafiri yeyote anakula bure, awe wa dini gani. Ndani ya ukumbi wa sala unapewa karah prashad, yaani halua ya unga wa ngano, samli na sukari kwa vipimo sawa. Unaipokea kwa viganja viwili, umeketi sakafuni. Mimi nilikaa kati ya dereva wa lori na mama mmoja mwenye mikufu ya dhahabu, na sote samli ikatulowesha vidole vilevile. Kukaa chini huko kuna maana yake. Kule India watu wa matabaka mbalimbali hawakuwa wakila pamoja, na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, alilikataa jambo hilo.

Rafiki yangu niliyesafiri naye hakula. Alisema chakula kilichoombewa na dini nyingine hakimpiti kooni. Sikumbishia, dhamira ya mtu si kitu cha kuchezea, ingawa moyoni niliona amejinyima. Mzee aliyekuwa akigawa wala hakununa. Baadaye alimfuata nje akamuuliza kama angependa chai. Ya chai hakuikataa!

Nawaza hayo kila nikimtazama bibi yangu. Ana kisukari, na daktari amempiga marufuku halua kabisa. Mwanamke aliyewahi kuibeba kwenye kikapu cha ukili kutoka Unguja, kwenye boti, akiwa ameikumbatia kama mtoto! Nilidhani ataichukia. Wapi! Kila Idi lazima iagizwe, na anaikata mwenyewe, wageni kwanza, halafu majirani, wakiwemo wasiofunga. Kisha anakukazia macho mdomoni unavyotafuna.

"Enhe mjukuu wangu, ya safari hii iliki imezidi?"

Namweleza kwa kirefu, mpaka habari za lozi.