Kujihami ni Sehemu ya Malezi

Kila taifa hulea watoto wake kwa kuwafundisha mambo mawili: la kulipenda na la kulikataa. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, sisi tunaowafundisha wasichana mbinu za kujihami tumejishughulisha na hilo la pili. Mara nyingi hukumbushwa kwamba mwacha mila ni mtumwa, na kuulizwa kama binti anayejua kuukwamua mkono wake atamtii tena mzazi. Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa makini.

Kujihami si jambo geni katika mkoa huu. Miongoni mwa Wakurya, vijana wa kiume wa rika moja walilelewa wawe walinzi wa zizi na wa ukoo. Kijana alijifunza kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa na kusimama imara penye hatari. Ushujaa wa binti ulipimwa kwa kipimo kingine. Siku ya kukeketwa alitakiwa asilie wala asitikisike, maana kilio chake kingewatia aibu wazazi na ndugu zake wote. Hivyo kijana alifunzwa kulinda, na binti akafunzwa kunyamaza.

Sheria ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hesabu za afya za taifa zaonyesha kwamba wanawake waliokeketwa walikuwa 18 kwa mia mwaka 1996, na 8 kwa mia mwaka 2022. Mkoa wa Mara ungali miongoni mwa mikoa yenye hesabu kubwa. Desemba inapokaribia na shule kufungwa, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, hofu hurudi katika nyuso za wanafunzi wetu.

Kwa sababu hiyo tunaanza na sauti. Wasichana hupangwa uwanjani, miguu wameiachanisha kidogo, macho yakitazama mbele, nao hutakiwa kusema neno moja tu: "Sitaki!" Siku ya kwanza wengi hulisema kwa kunong'ona, huku wakicheka na kuziba midomo kwa viganja. Kicheko hicho hatukikemei, kwa kuwa twajua kinaficha nini. Baada ya majuma machache neno hilo husikika hadi barabarani. Hapo ndipo mwili hufuata. Mkono ulioshikwa huponyoka kwa kupitia upande wa kidole gumba, ambako mshiko ni dhaifu. Kiwiko cha mtoto kina nguvu kuliko ngumi yake. Na aliyekwisha kuponyoka hasimami kupigana, hukimbia.

Lakini mbinu hizo zina mpaka. Anayemvizia msichana njiani ni adui, na adui hujulikana namna ya kumkabili. Anayemwamsha alfajiri ya siku ya kukeketwa huweza kuwa shangazi aliyembeba mgongoni. Hakuna mtoto atakayempiga kiwiko mama yake, wala sisi hatupendi afanye hivyo. Mahali hapo kujihami huwa ni maneno yaliyotayarishwa kwa utulivu na adabu: "Mama, nakupenda na nakuheshimu, lakini sitakwenda." Maneno hayo tunayafanyia mazoezi kwa maigizo, mmoja akiwa mama na mwingine binti, mpaka aliye binti aweze kuyamaliza bila kuinamisha kichwa. Tena ujasiri usio na mahali pa kukimbilia humchosha mwenye nao. Kwa hiyo wasichana hujifunza pia njia ya kufika kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, namba ya simu 116 ya msaada kwa watoto, kituo cha Masanga wilayani Tarime, na nyumba salama ya Mugumu wilayani Serengeti. Nyumba hiyo imeongozwa na Bibi Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa mtoto na kunusurika kufa.

Mafunzo ya namna hii yamepimwa kwa jirani zetu wa Kenya. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, hata bibi vizee wamejifunza kujihami dhidi ya wabakaji, na wanafundishana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya wasichana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi waliopata vipindi sita vya saa mbili mbili ulionyesha kwamba waliodhulumiwa kingono kwa mwaka walipungua kutoka 24.6 kwa mia hadi 9.2 kwa mia.

Sisi tumeona kwamba elimu hii hukamilika kwa kufundishwa. Msichana aliyejifunza hupewa kundi la wadogo zake awaongoze. Anayesimama mbele ya watoto kumi na kuwaambia, "Msiseme na ardhi, semeni na mimi," amekwisha kuacha kuiogopa sauti yake. Nasi walimu tu hali hiyo hiyo. Wengi wetu tulikulia huku, tukalelewa katika ukimya ule ule. Kila tunapomtaka mtoto apaze sauti, yatupasa kupaza yetu kwanza. Hivyo ndivyo tulivyopata moyo wa kusimama katika mikutano ya kijiji na kunena mbele ya wazee yale yaliyozoea kunong'onwa jikoni, na katika kunena huko tumeijua kazi ya maisha yetu.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani humu, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliitaka itafute yaliyo bora katika mila za makabila yetu yote. Ushujaa wa kulinda ni mojawapo ya hayo yaliyo bora, wembe haumo. Binti anayejihami hajaacha mila ya wazee wake, bali amedai fungu lake katika urithi huo, naye atamtii kwa furaha mzazi anayemlinda.

Walimu wenzetu, kipindi kimoja kwa juma chatosha kuanzia, na uwanja tunao. Wavulana nao waitwe, kwa kuwa wengi wao huambiwa kwamba asiyekeketwa hafai kuolewa. Kijana atakayesimama mbele ya rika lake na kutamka kwamba ataoa binti asiyekeketwa, huyo ndiye mlinzi tunayemhitaji leo.