Kumtazama Mtoto

Mtoto anapoletwa wodini na homa kali, miguu ya baridi na macho yaliyolegea, kila mmoja wetu hutaka kufanya jambo kubwa, tena sasa hivi. Mimi ni muuguzi na hamu hiyo naijua. Kwa miaka mingi miongozo ilituagiza tumtundikie dripu na kumwingizia maji mengi mishipani kwa kasi. Sababu yake ilieleweka: katika sepsisi mwili hupambana na maambukizi hadi ukaanza kujiumiza wenyewe, damu haifiki vizuri kwenye viungo, basi tuijaze mishipa.

Mtafiti Kathryn Maitland na wenzake wakaamua kulipima jambo hilo badala ya kuliamini tu. Utafiti wao, FEAST, ulichukua watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Wote walipata dawa na huduma za kawaida. Tofauti ilikuwa yale maji ya kasi. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Ndani ya saa 48, walifariki takriban watoto 11 kati ya kila 100 waliopewa maji hayo, na 7 kati ya kila 100 ambao hawakupewa. (Waliokaukiwa maji kwa kuharisha hawakuwamo. Hao bado wanahitaji maji, na upesi.)

Matokeo hayo yamenifuata hadi nje ya wodi. Mara nyingi tunaupima upendo kwa wingi wa tunachotoa. Mfiwa tunamjaza maneno, ilhali anachotaka ni mtu wa kuketi naye jamvini. Kijana akituletea shida yake, tunamtwisha nasaha kabla hajamaliza kusema. Huruma hiyo ni ya kweli, lakini huruma isiyotazama inaweza kuumiza, na FEAST ilinionyesha kwamba inaweza hata kuua.

Kutazama nako ni kazi, wala si ndogo. Ni kuhesabu pumzi kwa dakika nzima bila kukisia. Ni kuushika mguu uone ubaridi umepanda hadi wapi, kubonyeza ukucha uone damu inarudi baada ya muda gani, kuhakikisha antibiotiki imeingia kwa wakati, kisha kurudi baada ya muda mfupi na kuanza upya. Muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi nzima usiku hawezi kuyafanya haya kwa kila mtoto, hata awe na moyo wa namna gani. Kwa hiyo nikisikia idadi ya wauguzi inazungumzwa kama suala la bajeti peke yake, nakasirika.

Kwa watoto njiti fundisho ni lile lile: kuwa karibu na mtoto kunaweza kumwokoa. Zamani tulimtenga mtoto kwenye mashine ya joto, na mama akasubiri hadi hali itulie ndipo ampakate. Shirika la Afya Duniani likaongoza utafiti katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ambamo watoto wa chini ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, tangu mwanzo kabisa, karibu saa 17 kwa siku. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha vifo vya siku 28 za kwanza vikishuka kutoka asilimia 15.7 hadi 12, na walioshukiwa kuwa na sepsisi wakapungua pia. Kifua cha mama kilifanya kazi ya tiba. Ukiniuliza, hakuna habari kubwa kuliko hiyo katika uuguzi wa zama zetu.

Na mtoto akishapona? Sepsisi ya uchanga inaweza kuchelewesha ukuaji wa ubongo, kwa hiyo kuruhusiwa kwenda nyumbani si mwisho wa uuguzi. Kwamba ubongo wa mtoto unaweza kusaidiwa nyumbani, tumejifunza kwa watoto wengine, si wa sepsisi bali waliodumaa. Huko Jamaica, katika miaka ya 1980, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto 129 wa aina hiyo. Wahudumu wa afya ya jamii waliwatembelea baadhi yao kila wiki kwa miaka miwili, wakawaonyesha akina mama namna ya kucheza na kuzungumza na watoto kwa vitu vya nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliochangamshwa hivyo walikuwa na kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao wasiochangamshwa. Wengine walipewa maziwa ya nyongeza peke yake, nayo hayakuacha faida ya kudumu namna hiyo.

Mzazi unayesoma hapa, mtoto mchanga akigoma kunyonya, akilegea, akapata homa au akawa wa baridi, au akipumua mbiombio, usingoje kukuche. Mpeleke kituo cha afya. Mkirudi nyumbani zungumza naye, mwimbie, mwangalie usoni, hata kama hajui kujibu. Na nanyi wasimamizi wa hospitali, wekeni kitanda cha mama ndani ya chumba cha watoto mahututi, na mwongezeni muuguzi wa pili zamu ya usiku.