Tulipoufuata Mto Mara Hadi Bomet

Ukitoka Musoma kwenda Tarime, utavuka daraja la Kirumi. Chini yake Mto Mara unapita polepole, umezungukwa na mafunjo pande zote, ukielekea kuingia Ziwa Victoria. Asubuhi ile tulikuwa akina mama 12 ndani ya Hiace, tukienda kuwatembelea wenzetu wa kanisa huko Bomet, Kenya. Tulimwomba dereva asimame. Tulishuka, tukaegemea ukingo wa daraja, na kwa muda hakuna aliyesema neno.

Wote tulikuwa tunakumbuka Machi 2022. Samaki walielea wakiwa wamekufa, maji yakabadilika rangi na kunuka. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba maji yalipungukiwa oksijeni kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza. Watu wengi hawakuridhika, na mjadala ukawa mkali nchi nzima. Wengine walicheka waziwazi. Sisi nasi, tusifiche, tulicheka.

Lakini wiki zile, sisi tulio wauguzi katika kundi hili hatukuwa na raha. Mama mmoja alimleta mtoto wake zahanati akiwa anaharisha. Alituuliza, "Sista, ng'ombe wetu wanakunywa mto huu tangu enzi za babu zetu. Iweje leo kinyesi chao kiue samaki? Na mimi nichote maji wapi?" Tulimwambia achemshe maji. Lilikuwa jibu la kweli, ila halikuwa jibu la swali lake. Swali lile tulilibeba hadi ndani ya Hiace.

Tulipita Tarime, tukavuka mpaka Sirari, tukaenda Migori, Kisii na Sotik. Njia ilipanda na hewa ikapoa, tukaanza kuvuta khanga mabegani. Kila upande palikuwa na mashamba ya chai na mahindi, na ng'ombe wa maziwa wamefungwa karibu na nyumba. Bomet ilitupokea kwa mvua ya manyunyu. Wenyeji wetu walitusalimu "Chamgei!", wakatukaribisha ugali, mboga na mursik, yale maziwa ya kugandisha katika kibuyu. Baadhi yetu waliomba kibuyu cha pili.

Kesho yake mwenyeji wetu alitupeleka kuuona Nyangores. Mto huo hutoka Msitu wa Mau, ukapita Bomet, na huko chini hukutana na Amala. Hapo ndipo Mara huanza kuitwa Mara. Maji tuliyoyaona pale, baada ya safari ya mamia ya kilomita kupitia Maasai Mara na Serengeti, ndiyo yale yanayopita chini ya daraja letu la Kirumi.

Kwenye kijito kimoja kinachoingia mtoni tulimkuta dada mmoja amevaa buti za mpira, amesimama ndani ya maji yaliyomfika magotini. Mbele yake lilielea beseni lililopinduliwa, lenye maboya pembeni na mpira mwembamba juu yake. Mkononi alishika bomba la sindano. Sisi wauguzi tulitazamana. Mgonjwa yuko wapi?

"Hamjambo, mama zetu?" alisema. "Mgonjwa ni kijito hiki. Napima pumzi yake."

Alitueleza kwamba alikwisha kupata shahada ya uzamivu, ile inayomfanya mtu aitwe daktari bila kutibu watu. Sasa alikuwa katika utafiti wa baada ya shahada hiyo, kwa mkataba wa miaka 2. Mama mmoja wetu akashindwa kujizuia: "Yaani bado unasoma tu, mwanangu? Na watoto je?" Dada yule alicheka. "Ninaye mmoja, mama. Yuko kwa bibi yake. Nitamwona Jumamosi." Kisha akainama kutazama saa yake, maana dakika za kuvuta hewa zilikuwa zimefika. Tulinyamaza. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kumwacha mtoto kwa bibi ili kazi ifanyike?

Alivuta hewa kutoka ndani ya beseni, akaiingiza katika kichupa, akaandika namba. Baada ya dakika kadhaa akavuta tena. Alituambia vichupa hivyo hupelekwa maabara, na huko huonekana gesi imeongezeka kwa kasi gani ndani ya beseni. Hiyo ndiyo gesi inayotoka majini kwenda angani.

Gesi hiyo hutoka wapi? Alitufundisha kama mwalimu mwenye subira. Majani, udongo na samadi vikiingia kijitoni, bakteria huvila. Wakila hutumia oksijeni ya maji na kutoa hewa ya ukaa, kama sisi tunavyopumua. Pale kwenye matope ambako oksijeni imekwisha, bakteria wa aina nyingine hutengeneza methani. Na pale ambapo mbolea ya chumvichumvi au mkojo wa mifugo umeingiza naitrojeni nyingi, hutokea naitrasi oksaidi.

Jina hilo lilitushtua. Muuguzi aliyewahi kufanya kazi chumba cha upasuaji anaifahamu. Ni gesi inayosaidia kumlaza mgonjwa na kumpunguzia maumivu. Huko angani kazi yake ni nyingine. Uzito ule ule wa gesi hii huongeza joto la dunia zaidi ya mara 250 kuliko hewa ya ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Methani nayo huzidi mara 25.

Kumbe vijito si vitu vidogo. Mwaka 2013 Peter Raymond na wenzake walikadiria kwamba mito na vijito vya dunia hutoa angani takriban tani bilioni 1.8 za kaboni kila mwaka. Na kuhusu maji haya haya ya Mara ya juu, utafiti wa Ricky Mwanake na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba kiasi cha naitrasi oksaidi hutegemea matumizi ya ardhi kuliko ukubwa wa kijito. Msitu ukiwa kando ya maji, mambo ni tofauti na shamba likifika hadi ukingoni.

Ndipo tukamwuliza lile swali la mama wa zahanati. Kinyesi kinaweza kweli kuua samaki?

Dada yule alitoka majini, akaketi juu ya jiwe. Alituambia habari za viboko walioko katikati ya mto, huko mbugani. Usiku hula majani nchi kavu, mchana hukaa majini na kujisaidia humo humo. Amanda Subalusky, Christopher Dutton na wenzao walihesabu kwamba viboko zaidi ya 4,000 wa Mara huingiza mtoni kilo 36,000 hivi za kinyesi kibichi kila siku. Subalusky naye aliwahi kuwa mtafiti wa baada ya uzamivu kama yeye. Wakati wa kiangazi kinyesi hicho hutulia chini ya madimbwi, na oksijeni ya huko hukwisha. Mvua ikinyesha juu, maji huyasukuma yale meusi kwenda chini, na samaki hukosa pumzi. Jambo hilo walilichapisha mwaka 2018, miaka 4 kabla ya samaki wetu kufa.

"Kwa hiyo inawezekana," alisema. "Lakini mama zangu, utafiti wa viboko hauamui kesi ya Kirumi. Maji ya siku ile hupimwa siku ile. Ndiyo maana nasimama hapa kila wiki, hata wakati hakuna samaki aliyekufa."

Maneno hayo yalitugusa sisi wauguzi. Mgonjwa asiyepimwa joto wala mapigo akiwa mzima, akizidiwa utalinganisha na nini? Na tuliona aibu kidogo kwa kicheko chetu cha mwaka 2022. Mama yule wa zahanati alikuwa na haki ya kuuliza, nasi tulikuwa na wajibu wa kutafuta kabla ya kucheka.

Tuliporudi tulisimama tena Kirumi. Ng'ombe walikuwa wakinywa kando ya mafunjo, na hatua chache kutoka hapo wasichana wawili walijaza ndoo. Zamani tungepita tu.

Mama mpendwa unayesoma haya, labda mto wako si Mara. Hata hivyo kijito kinachopita nyuma ya shamba lako kinabeba unachokiweka humo. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli zinazoweza kuuharibu. Acheni miti na majani yaote hapo, maana huchuja udongo na mbolea. Wanywesheni ng'ombe katika birika mbali na maji. Samadi ipelekeni shambani, msiilundike mtoni. Maji ya kunywa yachemsheni hadi yatokote vizuri. Lakini kumbuka, kuchemsha huua vijidudu na hakuondoi sumu. Ukiona samaki wanaelea, usichote; toa taarifa siku hiyo hiyo, ili maji yapimwe yangali yale yale.

Wiki iliyofuata mama yule alikuja kliniki na mtoto, sasa mzima na mnene. Tulimketisha, tukamweleza habari za viboko, madimbwi na beseni lile. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi lile birika," akasema, "nitamwambia baba yake tulijenge kabla ya masika."