Koti la Kuazima

Siku niliyotoa mhadhara wangu wa kwanza nilivaa koti la kuazima. Mikono yake ilivuka viganja, na kwa joto la Dar es Salaam la Februari jasho lilinitiririka mgongoni kabla sijaandika neno ubaoni. Wanafunzi walinitazama mimi. Nami nilitazama mikono ya koti. Niliyoyasoma kwa miaka yakanitoroka.

Wiki iliyofuata nilivaa shati la kitenge alilonishonea mama kwa cherehani yake (kola imepinda kidogo hadi leo). Sauti ikarudi. Elimu yangu haikuwa imeongezeka katika siku hizo saba. Nilikuwa nimeacha tu kujificha.

Hayo huyakumbuka kila usemi wa “mavazi rasmi” unapotajwa. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliwapiga marufuku wabunge wa Kenya kuingia bungeni na suti ya Kaunda, vazi lenye jina la rais wa kwanza wa Zambia huru. Tai, tuliyoletewa na mkoloni, ikabaki kuwa ndiyo heshima.

Mwaka jana mwanafunzi wangu alitaka kuahirisha utetezi wa tasnifu yake kwa kuwa hakuwa na suti. Nikamwambia avae alichonacho, akifue, akipige pasi. Alikuja na shati jeupe lililochakaa kola na viatu vilivyong'arishwa, akajibu maswali kwa saa nzima bila kuyumba. Baadaye mtahini mmoja aliniuliza, kwa kunong'ona, kama kijana yule hakuwa na koti.