Kwa Miguu Hadi kwa Wakwe

Tulipopokea posa ya binti yetu, jambo la kwanza tulilotaka kujua halikuwa mali ya kijana bali njia ya kumfikia mtoto. Mposaji ni mtu wa Nakonde, Zambia. Sisi tunaishi Tunduma. Jamaa zetu wa mbali waliposikia kwamba binti anaolewa nchi nyingine walitupa pole, kumbe kutoka mlangoni petu hadi kwa wakwe ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu, na sehemu kubwa ya mwendo huo ni kupita madukani na sokoni. Basi tukakubaliana, mume na mke, tuutembee polepole Jumamosi moja, tuone binti yetu atanunua wapi, atakula nini, na mahari yake ihesabiwe kwa sarafu ipi.

Msomaji asiyeufahamu mji wetu na ajue kwamba Tunduma ndipo inapoishia barabara kuu itokayo Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Malori ya shaba kutoka Zambia na Kongo huteremka kwenda bandarini, ya mafuta hupanda, na mtembea kwa miguu hana budi kuwa na macho manne. Lakini ukishaingia mtaa wa maduka makubwa karibu na mpaka, kelele za injini hufunikwa na za wauzaji. Hapo ndipo mji wetu unapojivunia: maduka ya vioo, magodoro yaliyofika darini, viatu, simu, na vitenge vilivyopangwa kwa rangi. Muuzaji humtazama mpita njia mara moja tu, kisha humwita kwa Kiswahili, Kibemba au Kinyamwanga, na ni nadra kukisia vibaya. Akina mama wa Zambia hununua kwa majora. Wao husema chitenge, nasi husema kitenge, na fedha huelewana.

Mtaa huo tulikuwa na shughuli nao, kwani binti alikuwa ameshasema neno lake: mahari yake ni cherehani. Mzee mmoja wa ukoo hakupendezwa. Aliona ni aibu wageni kuvuka mpaka na mashine badala ya fedha. Sisi tulimkumbusha kwa adabu kwamba mahari ni haki ya bibi arusi, wala si ya ukoo, na kwamba Mtume (s.a.w.) alimwagiza mtu atafute japo pete ya chuma. Tena binti alikuwa na hoja. Shilingi hupanda na kushuka, na kwacha vivyo hivyo. Sisi tunakumbuka Januari 2013, Zambia ilipoondoa sifuri tatu katika fedha yake, noti ya 50,000 ikawa 50. Cherehani haiondolewi sifuri.

Muuzaji alitukaribisha, “Shikamoo mzee, shikamoo mama,” akatuonyesha ya umeme, nyepesi na ya kuvutia. Tukamwambia tunataka ya kukanyaga. Ukame wa mwaka 2024 ulipunguza maji ya Kariba hata Zambia ikakaa gizani saa nyingi kila siku. Fundi anayetegemea umeme angeshonea nini? Muuzaji akacheka, akasema Wazambia wengi sasa wanaulizia hiyo hiyo. Tukaandika bei, tukaaga.

Sokoni ndiko tulikokawia. Mchele wa Kyela ulinukia kabla hatujauona. Palikuwa na maharage ya kila rangi, viazi mviringo, ndizi na maparachichi kutoka Rungwe, kahawa ya Mbozi, dagaa wa Ziwa Tanganyika waliokauka vizuri. Hapa vitu hupimwa kwa sado. Ng'ambo kipimo chao huitwa meda, na mnunuzi mgeni asilinganishe bei kabla hajalinganisha vyombo. Mama wa nyumba ndiye aliyefanya hesabu hiyo, akaona mchele binti aufuate huku, unga aununue huko.

Kuvuka ni kupita katika kituo cha pamoja cha mpaka kilichozinduliwa mwaka 2019, ambamo maofisa wa nchi zote mbili wamo mahali pamoja. Mpaka wenyewe ni matokeo ya mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1890. Wanyamwanga hawakuulizwa, nao hadi leo wamo pande zote mbili, wakioana na kuzikana.

Wabadilishaji fedha wanasimama njiani na mabunda mkononi. Mmoja alitaka tumwachie shilingi, kwacha tuchukue jioni. Tulikataa, fedha kwa fedha hubadilishwa mkono kwa mkono, kabla hamjaachana. Ng'ambo tukasalimiwa “Mulishani,” tukaona unga wa mahindi katika mifuko ya kilo 25, huo ndio wa nshima, ugali wa kila siku, na tukaulizia nyama. Kijana alituongoza kwa mchinjaji Mwislamu, ambaye bucha lake ni dogo lakini safi. Mama alitulia hapo kuliko kwingine kote.

Tulipokwenda kuswali, saa zetu zilikaribia saa saba na ya ukutani ilikaribia saa sita, maana Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Jua lilikuwa lile lile.

Jioni, mbele ya wazazi wa kijana, tuliikubali posa, cherehani ikapitishwa, nasi tukaongeza sharti moja: hati ya kusafiria ya binti iwe tayari kabla ya nikaha. Akishikwa na uchungu wa uzazi, au sisi tukiugua, asisimame mlangoni akitafuta karatasi. Baba wa kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema hilo na yeye angelitaka kwa binti yake.

Ilibaki kadi ya mwaliko. Tuliandika saa nane mchana, wakatuuliza, saa nane ya nani? Tukaifuta. Sasa inasomeka: baada ya swala ya Adhuhuri.