Suti ya Baba na Patani ya Miaka ya Sabini

Haya wasomaji, leo hakuna habari za seva wala za programu mpya. Leo ni habari za suti. Ninyi mnaokuja hapa kwa ajili ya tarakilishi peke yake msikimbie, mtaona huko mbele kwamba hatujaenda mbali sana na kazi yetu.

Baba yangu ni mtu wa suti ya Kaunda. Kwa wasioijua (mpo kweli?), ni ile yenye koti la mifuko minne, huvaliwa bila tai, na jina imelipata kwa Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa alipoipiga marufuku bungeni, baba aliizungumza habari hiyo siku tatu mfululizo kana kwamba yeye ndiye mbunge aliyefukuzwa. Amebakiwa na moja tu, ya kijivu, na kola yake imechakaa hadi nyuzi zinaonekana.

Fundi aliyeishona alifariki 2016 huko Nakuru. Tangu hapo hatujapata wa kumrithi, na shida yenyewe ni bega. Mwaka 1998 baba alianguka kutoka juu ya lori, mfupa ukaunga vibaya, na bega la kushoto likabaki chini kuliko la kulia. Koti la dukani kwake linaning'inia kama limetundikwa msumarini. La mtumba hali kadhalika. Siku hizi akialikwa harusini anasema ana kazi shambani. Sisi wanawe tunajua shambani hakuna kazi, mahindi yameshavunwa.

Mafundi wawili walituambia jambo moja: leteni hiyo suti ya zamani, tuifumue, tutumie vipande vyake kukatia mpya. Baba akakataa katakata. "Mkiifumua mkashindwa kuirudisha, nitavaa nini?" Ninyi waandishi wa programu mtamwelewa haraka. Mfumo ni mmoja, unafanya kazi, aliyeutengeneza hayupo, nakala ya akiba hakuna. Nani ataufungua?

Hapo ndipo nikaingia mtandaoni kutafuta patani, yaani zile karatasi za kukatia nguo. Patani za karatasi zenye saizi mbalimbali zilianza kuuzwa Marekani 1863 na fundi mmoja wa Massachusetts, Ebenezer Butterick. Tena mwanzoni alishughulikia nguo za wanaume na wavulana, za wanawake zikafuata 1866. Baadaye mambo yaligeuka, na leo ukitafuta patani za zamani utakuta magauni kwa maelfu, na za wanaume chache mno. Lakini bahati yetu ni miaka ya 1970. Wakati huo makoti ya safari yalikuwa fasheni huko Marekani, na watu walijishonea nyumbani. Koti la safari na koti la Kaunda ni ndugu wa karibu: mifuko minne, kola iliyolala, mara nyingi mikono mifupi.

(Wapenda hifadhidata: Chuo Kikuu cha Rhode Island kina hazina ya maelfu kwa maelfu ya patani hizi, na orodha yake inatafutika kwa tarakilishi. Nilipoteza Jumapili nzima humo. Zile za zamani sana hazina hata wino, zimetobolewa matundu tu, na fundi alisoma matundu. Kama zile kadi za tarakilishi za enzi za wazee wetu!)

Niliyoinunua ni nakala iliyopigwa skani, faili ya PDF ya kurasa 36 za kuunganisha kwa gundi ya karatasi. Sikilizeni hapa kama mnafikiria kujaribu. Kwenye ukurasa wa kwanza kuna mraba wa majaribio wa inchi 4. Saiba moja ilinichapishia, nikapima kwa rula, nikapata inchi 3 na 7/8. Printa iliachwa kwenye ule mpangilio wa kubana ukurasa uenee kwenye karatasi. Utasema ni kitu gani, asilimia tatu tu. Kwa koti la kifua cha inchi 40, asilimia tatu ni inchi moja na zaidi. Huo ni mtu mwingine kabisa. Wakachapisha upya kwa asilimia 100.

Bahasha za zamani zilikuwa na saizi moja tu. Yetu ni ya kifua inchi 40, na baba ni 42. Fundi tuliyempata, mama mmoja anayeshona sare za shule hapo Nakuru, hakuhitaji maelezo yangu. Aligawa inchi mbili kwa robo nne za kiwiliwili, nusu inchi kila robo, akapasua karatasi wima, akaitanua na kuziba pengo kwa gazeti. Patani inataka inchi 5/8 za kushonea. Akasema hizo ni kidogo, ubavuni ataacha inchi nzima, "mzee akinenepa tutaachia."

Bega sasa. Patani inamdhania mtu kuwa na mabega mawili yaliyo sawa, ndiyo maana inachora nusu moja tu ya mwili na kukuambia ukate mara mbili. Kwa hiyo tulilaza ile suti ya zamani mezani, bila kufumua hata uzi mmoja, tukaanza kuipima kwa futi ya kitambaa, kulia kisha kushoto. Kushoto mshono wa bega ulikuwa umeteremka karibu sentimita mbili. Tundu la mkono nalo limeshushwa kiasi hicho hicho. Na mfuko wa kifuani wa kushoto umeshonwa juu kidogo kuliko wa kulia. Ukiitazama mezani, mifuko imekwenda upande. Baba akiivaa, imelingana.

Miaka yote hiyo marehemu alikuwa akifanya hivyo na hakuwahi kumwambia mtu. Baba mwenyewe hakujua. Alinyamaza, akaupapasa ule mfuko, akasema tu, "Kumbe." Mama fundi alikuwa ameshachukua kalamu nyekundu na kuandika vipimo vyote juu ya karatasi: upande wa kushoto, teremsha hiki, pandisha kile. Sasa tuna patani mbili za mbele badala ya moja, na mgongo umechorwa mzima.

Tulijaribu kwanza kwa merikani, kile kitambaa cheupe cha bei nafuu. Jina hilo lilikuja na wafanyabiashara wa Marekani waliokileta Unguja karne ya 19, wengi wao wakitoka Salem, huko huko Massachusetts kwa akina Butterick. Baba alisimama mbele ya kioo na koti la merikani, halina kola wala vifungo, pini zimejaa ubavuni. Nyuma ya shingo palijikunja kidogo, mama fundi akapatia alama ya chaki. Bega lilikaa. Baba akageuka kushoto, akageuka kulia, kisha akauliza simu itakaa wapi. Swali la haki, patani ya miaka ya sabini haina mfuko wa simu. Mama fundi akamwomba hiyo simu, akaipima urefu na upana, akachora mfuko wa ndani.

Nimepiga picha kila karatasi nikiwa nimeweka rula kando, na nakala ziko kwenye diski yangu, kwa dada yangu, na kwa mama fundi mwenyewe kwenye simu yake. Karatasi zenyewe zimekunjwa kwenye bahasha ya khaki yenye jina la baba, na tarehe. Kitambaa ni gabadini ya kijivu, mita tatu na nusu, nimeinunua Biashara Street. Jumamosi tunaikata. Harusi ya binamu ni mwezi ujao, na baba ameuliza mara mbili itaanza saa ngapi.