Neno Gereza

Katika Mombasa ya kale, ile Ngome ya Yesu iliyoko mlangoni mwa bandari ilijulikana kwa jina la Gereza. Mwanafunzi asikiapo jina hilo hudhani kuwa limetokana na wafungwa waliowekwa humo. La hasha! Wataalamu wa lugha hutueleza kuwa asili yake ni neno la Kireno, igreja, yaani kanisa. Kwani Wareno walikuwa na kanisa lao humo ngomeni. Basi neno lilianzia katika sala, likahamia katika ngome, na mwisho likatua katika kifungo.

Jengo lenyewe lilipita njia iyo hiyo. Ujenzi ulianza mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano. Aliisimamisha ngome juu ya mwamba wa matumbawe, na pembeni akaweka buruji zilizotokeza nje, ili mpiga mzinga aliye katika buruji moja aulinde ubavu wa ukuta hadi buruji ya pili, pasibaki pa adui kujificha. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698 ndipo wakaitwaa. Mwaka 1895 Waingereza waliifanya jela, ikawa hivyo hadi 1958. Vyumba vya wafungwa walivijenga. Ukuta waliukuta tayari. Ukuta uliokusudiwa kumzuia mtu wa nje asiingie, ukafaa vilevile kumzuia wa ndani asitoke.

Sisi tuliofundisha historia tuliwapeleka wanafunzi wetu huko mara nyingi. Tuliwaambia waguse ukuta na kustaajabia unene wake. Kisha tulirudi shuleni, na usiku ulipoingia tukalifunga bweni kwa kufuli, madirisha nayo yakiwa na nondo. Tulilala kwa amani, maana tuliwawaza wezi tu.

Mwezi wa Machi mwaka 2001, bweni la shule moja ya sekondari huko Machakos liliteketea usiku. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Shule hiyo haikuwa yetu, lakini bweni lile lilikuwa kama letu.

Tulimwita fundi akaja na msumeno wa chuma. Alipokwisha dirisha la kwanza, kijana mmoja wa kidato cha pili alipanda, akapita, akasimama nje akitutazama. Hakusema neno, nasi hatukuwa na la kumwambia. Miaka saba baadaye, mwongozo wa serikali wa usalama shuleni, wa mwaka 2008, uliagiza kuwa madirisha ya mabweni yasiwe na nondo.

Miongoni mwenu, vijana, watatoka wahandisi watakaojenga mabweni, hospitali, na hata magereza. Kabla hamjauliza ukuta utamzuia nani, ulizeni kwanza aliye ndani atatokea wapi.